Kwa Nekesa, Anayekwenda Kujifunza Sukari Guru

Nekesa, mama yangu,

Nimewadanganya. Mgongo wangu hauna neno. Nilisema unaniuma ili wewe na mama yako mwende kanisani bila mimi, nibaki na nyumba tupu na hii meza ya jikoni, maana siwezi kuandika huku mama yako akipita nyuma yangu kila dakika akijifanya anatafuta chumvi. Leo Ijumaa ni siku yako ya kuagwa, na akina mama wa kikundi lazima wakuombee mmoja mmoja, na Mama Brayo peke yake ni nusu saa. Kwa hiyo nadhani nina mpaka saa tisa.

Habari za sweta, dawa za tumbo na nakala za pasipoti mama yako amekuandikia kurasa mbili, na mimi siongezi hata nukta. Muuguzi aliyekaa wodini miaka yote hiyo anajua kuandika orodha. Mimi nina mambo mengine, na la kwanza ni baya, kwa hiyo nalisema sasa kabla sijapata sababu ya kulizungusha.

Ile siku Anko Basava alipokuja hapa sebuleni, akakuambia kwamba wale akina mama wa kiwanda cha sukari guru kule kwao Mandya, India, hawapokei mwanafunzi tena, haikuwa kweli. Walikuwa wamekukubali. Mimi ndiye niliyemwomba aseme vile.

Soma tena ukitaka. Ni mimi.

Basava hajui kusema uongo. Tumefanya kazi pamoja hapa Qatar, mjini Lusail, miaka tisa, yeye akipanga zamu na mimi nikiendesha basi la wafanyakazi, na sijawahi kumsikia hata akisema yuko njiani kumbe bado yuko kitandani. Siku ile aliongea nawe huku akitazama soksi zake. Mama yako alimletea chapati akakataa, na Basava hajawahi kukataa chapati katika nyumba hii. Nilipomsindikiza mpaka kwenye lifti akaniambia, “Ndugu yangu, hili nimelifanya kwa ajili yako. Usiniombe mara ya pili.” Tangu siku hiyo akiniona kazini ananisalimu vizuri, halafu anatikisa kichwa kidogo.

Nawe ukakaa siku tatu kwa chai ya rangi tu. Ukawa unaenda kule hotelini The Pearl na macho yamevimba, unapamba keki za harusi za watu, unarudi, unalala. Mimi niliona. Nilikuwa nakupitishia maziwa mezani. Siku ya nne ukaamka, ukajitafutia namba ya mwenyekiti wao mwenyewe, ukamtumia video ukichemsha maji ya miwa ya sokoni kwenye sufuria nzuri ya mama yako, ile uliyoiunguza. Jibu lilipokuja kwamba nafasi ipo, ulitoka chumbani mbio ukasema Mungu amefungua mlango.

Nikasema amina. Nekesa, nilikaa kwenye kile kiti nikasema amina.

Sasa utauliza kwa nini. Nimekupa sababu nyingi mwaka huu wote. Nilisema kazi ya sukari guru ni moshi na malengelenge. Nilisema hukusomea upishi ili ukakoroge karai kijijini India mwaka mzima, kisha urudi Bungoma ukakoroge lingine. Nilisema ukiacha visa hii hutaipata tena. Yote ni kweli na hakuna hata moja iliyokuwa sababu yenyewe. Kuna swali uliniuliza ukiwa na miaka kumi na sita, Basava alipotuletea guru kutoka likizo, ukaiweka ulimini na kusema ina ladha ya ile babu yako Kuka alikuwa anakutumia zamani kwenye mkebe. Uliniuliza, “Baba, kwani sisi tuliacha kwa nini?” Nikakujibu soko lilikufa. Niliogopa kwamba ukienda ukajifunza kazi hii sawasawa, utarudi unajua kwamba nilikudanganya. Mtu anayeijua sukari guru hahitaji kuambiwa. Angeingia katika kile kiwanda chetu, akainua gunia moja lililobaki, akajua.

Kwa hiyo wacha nikuambie mimi, nikiwa bado nina nafasi ya kukuambia.

Babu yako, Kuka, hakujua kusoma kipimo chochote. Alikuwa na mashine moja ya kukamulia miwa, makarai matatu makubwa juu ya tanuri la udongo, na kijiko cha mti chenye mpini mrefu kuliko wewe. Alijua guru imeiva kwa kudondosha tone kwenye bakuli la maji baridi na kuliviringisha kwa vidole viwili. Likiyeyuka, bado. Likikubali kuwa kijitufe laini, anapaza sauti “Toa!” na watu wanne wanalinyanyua karai mbio. Likigonga ukingo wa bakuli na kulia, amechelewa, na siku hiyo haongei na mtu mpaka jioni. Karai likishamwagwa, ile iliyobaki pembeni ikiwa ya moto bado, alikuwa anaikwangua na kuiweka juu ya kipande cha jani la mgomba, na mtu yeyote aliyekuwa anapita njiani anaitwa aonje. Mwalimu, mchunga ng'ombe, hata polisi. Hakuna aliyekuwa anapita kwetu bila kuonja. Kuka aliwatazama usoni wakila, na ndivyo alivyojua kama siku ilikuwa nzuri.

Mimi nikatoka chuo cha ufundi na cheti na kichwa kikubwa. Sukari yetu ilikuwa na rangi ya kahawia, na nilikuwa nimeona mjini maduka yanataka ya manjano, nyepesi, inayong'aa. Mtu mmoja akaniuzia unga mweupe wa kung'arisha, ule ule unaotumika kutoa rangi kwenye vitambaa. Kijiko cha chai kimoja kwenye karai zima, na guru inatoka nzuri ajabu, utadhani imepakwa dhahabu. Kuka akaja akaitazama, akaonja, akasema, “Hii unayopika ni ya kutazama.”

Nilipaswa kumuuliza anaonaje. Badala yake, mbele ya wafanyakazi sita, nikamwambia, “Mzee, nenda ukapumzike. Hapa sasa kuna kipimajoto.”

Mmoja wao alicheka. Kuka alikwenda kwenye pipa la maji, akakiosha kile kijiko cha mti, akakifuta kwa shati lake, akakitundika mahali pake, akaenda kukaa langoni kwenye kiti. Kuanzia siku ile mpaka tulipofunga, hakuonja tena sukari iliyopikwa na mwanawe. Alipewa chai yenye guru yetu akawa anaiomba bila sukari, na nyanya yako akawa ananitazama mimi.

Wapita njia ndio walionionyesha kwanza, lakini sikutaka kuona. Walikuwa wakipewa kwenye jani wanaonja kidogo, wanalikunja jani taratibu, wanasema asante, wanaondoka nalo. Watu wa kwetu wana adabu nyingi mno. Mvua zilipokuja, ile guru ya dhahabu ikageuka nyeusi ndani ya maghala ya watu, ikatoa jasho, ikanuka. Wenye maduka wakairudisha. Wale mama waliokuwa wakinunua kwa ajili ya uji wa watoto hawakurudi kamwe. Waliobaki ni wapika pombe ya chang'aa, kwa sababu chang'aa haijali rangi wala ladha, na nyanya yako, mwanamke wa kanisa, akawa anafungua lango lake asubuhi na kuona ni akina nani wamepanga foleni. Soko halikufa, mama. Nililiua mimi kwa kijiko cha chai. Ndipo nikamfuata mama yako huku Qatar, na kila aliyeniuliza nikamwambia serikali, viwanda vikubwa, bei ya miwa.

Unga ule si jambo linaloniuma zaidi. Unga ni kosa la kijana. Linaloniuma ni kwamba niliishi na Kuka miaka minne baada ya hapo, nyumba moja, meza moja, na sikuwahi kumwambia nisamehe. Nilimnunulia redio. Nilimnunulia viatu. Nilimpigia simu kutoka hapa Doha kila Jumapili, tunaulizana mvua, tunaulizana ng'ombe, na badala ya neno lenyewe nasema haya Baba, mbaki salama. Siku aliyofariki nilikuwa barabarani na basi limejaa watu. Ndugu yangu alipiga mara mbili nikakata, kwa sababu dereva haruhusiwi. Nilipompigia baadaye alikuwa analia. Nikakaa ndani ya basi tupu mpaka mlinzi akaja kugonga kioo kuuliza kama ninaumwa.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata mama yako halijui, na hili ni zuri kidogo.

Miaka kama mitatu iliyopita tulikuwa tunakula na Basava kwenye kivuli cha basi, naye alikuwa amekumbuka kwao. Basava akikumbuka kwao hanyamazi. Anaeleza mfereji wa maji unaotoka bwawani, miwa pande zote mbili, minazi mipakani, na zile nyumba ambazo mbele wanaishi watu na nyuma wanaishi viwavi wa hariri juu ya vyano vya mianzi, wanalishwa majani ya mforosadi usiku na mchana, na anasema ukilala unasikia wanavyotafuna. Anaeleza ugali wao wa wimbi, mweusi, wa mviringo, unaomezwa bila kutafunwa. Nikamwambia huo ni ugali wetu, wewe umetuibia. Kisha anahuzunika. Anasema wilaya yao ina maji, ina miwa, ina hariri, ina nazi, na vijana wote wako mjini Bengaluru au wako huku Ghuba, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Zile nyumba za kupikia guru zilifungwa moja baada ya moja, miwa yote ikaenda kwenye kiwanda kikubwa, mpaka hao akina mama walipoifungua tena moja iliyokuwa ya babu ya mwenyekiti wao.

Nikamuuliza, “Wanaisafishaje bila unga?” Nilikuwa nauliza tu, nikitafuna.

Akasema, “Bamia. Wanaponda mashina ya bamia kwenye maji, ule utelezi wanaumwaga kwenye karai, uchafu wote unapanda juu na povu, wanauengua.”

Nikaweka chakula chini. Nyanya yako, huyo uliyerithi jina lake, alikuwa anafanya hivyo hivyo kwa mrenda. Alikuwa anavuna mashina yaliyokomaa, yale ambayo hayafai tena kwa mboga, anayaponda kwenye kinu, anayaloweka, na maji yake ya utelezi anamkabidhi Kuka kwa mikono miwili karai linapoanza kutokota. Povu la kijani linapanda, wanaliengua, na maji ya miwa yanabaki safi hata unaona chini ya karai. Nilipoanza na unga wangu nilimwambia aache, hiyo ni kazi ya zamani, inachukua muda. Hakuna aliyebaki nyumbani anayejua kipimo chake. Mimi najua, kwa sababu nikiwa mtoto nilikuwa ninamshikia chungio. Mkono mmoja wa mashina kwa kila debe la maji ya miwa, yalowekwe tangu asubuhi, yasipikwe, na maji yake yamwagwe kwenye karai mara mbili, si mara moja. Mara ya kwanza povu linapoanza kuwa zito. Mara ya pili ukishaliengua la kwanza lote.

Hilo ni lako. Wapelekee hao akina mama. Waambie ni la Nekesa wa Bungoma, na waone kama mashina ya bamia yatakubali kugawanywa mara mbili. Usiende mikono mitupu kana kwamba kwenu hapakuwa na kitu.

Sikukuambia siku ile niliporudi kutoka kazini, ingawa ulikuwa hapo jikoni ukisoma habari za guru kwenye simu, ukiniuliza hili na lile. Ningekuambia la mrenda, ungeniuliza la unga. Nikasema nimechoka nikaenda kuoga.

Mimi sijui nikupe mawaidha gani, na ninyi vijana mawaidha mnayo mengi kwenye simu. Nitakuambia tu ninachotamani ningefanya. Ningekaa karibu na karai na mtu anayelijua, mwaka mzima, bila kusema ninajua njia ya haraka. Ningechoma karai moja au mawili kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikaila ile iliyoungua, ili ulimi uikumbuke. Huko watakuwepo wanawake wazee wasiojua kusoma ambao wataiambia guru itoke kabla kipimajoto chako hakijafika. Kipimajoto ukipeleke, ni kitu kizuri, nimekuona umekifunga ndani ya soksi. Lakini ukisikia mmoja wao amesema toa, wewe toa, halafu ndipo uangalie kimesoma ngapi. Na ukija ukaona kosa lao kweli kweli, kwa sababu utaliona, wewe una macho makali kuliko sisi wote, mtafute mwenye kosa baadaye akiwa peke yake. Msaidie kuosha vyombo kwanza.

Na mtu akikukosea huko, au wewe ukimkosea, usinunue redio.

Basi, nimefika. Nekesa, nilikukosea. Nilikufungia mlango wako kwa sababu ya aibu yangu, nikakuacha ulie siku tatu, kisha nikajifanya ninashangilia. Hukufanya kosa lolote. Hukuwa umekosa uwezo, hukuwa umechelewa kuandika, yale yote uliyokuwa unajilaumu nayo ukimwambia mama yako usiku nikiwasikia. Walikutaka tangu siku ya kwanza. Nisamehe. Nimeliandika kwa sababu najua nikilisema kwa mdomo nitaishia kukuuliza kama mvua imenyesha.

Mama yako nitamwambia leo baada ya chakula. Utamsikia, usitoke chumbani, hiyo ni haki yake.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, isomwe ukitaka, leo au ndani ya ndege. Lakini ningependa uisome leo, na nitakuambia kwa nini. Ukiisoma leo unaweza usitake kukaa nami ndani ya gari kesho, na ni sawa, una haki hiyo. Kwa hiyo nimempigia Basava. Kesho saa moja asubuhi magari mawili yatakuwa chini ya nyumba, langu na lake, yote yakiwa yamewashwa. Yeye anajua kila kitu kwa hiyo hutalazimika kumweleza. Mama yako atapanda utakalopanda wewe.

Ukichagua la Basava sitashuka kukuuliza. Nitawafuata kwa nyuma mpaka uwanja wa ndege, polepole, kwenye njia ya kulia, na nitaegesha mbali nikuone unaingia mlangoni. Hutasikia honi.

Ukichagua langu, kaa mbele.

Baba yako